Gari Lililopiga Kambi kwa Spesioza

Nyinyi vijana mnaoshinda mbele ya ofisi za magari, nimewaona. Juzi nilikwenda mjini kutengeneza miwani, nikawakuta mmejipanga ukutani, simu mkononi, mnamsubiri mtu mwenye uso wa kupotea ili mumwambie, "Mzee, unatafuta karatasi gani?" Nikafurahi peke yangu kama mwendawazimu. Kumbe kazi yangu bado ina watoto.

Mimi Shabani niliifanya kazi hiyo ya ukomisioneri, kuwakimbizia watu karatasi za magari, tangu nikiwa na nywele mpaka nywele zenyewe zikanikimbia. Leo simu yenu inapiga picha, inatuma, inarudisha jibu kabla chai haijapoa. Vizuri. Lakini iko siku ataletwa kwenu mtu ambaye gari analo na karatasi hana, na gari lenyewe halijui lilitoka wapi. Hapo simu itawaangalia nanyi mtaiangalia. Kwa siku hiyo ndiyo nawaambieni haya.

Aliyenifundisha ni Mzee Sefu wa mtaa wetu wa Buyenzi, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyekuwa akiingia ofisini kwa watu kama mkwe anayedai haki yake. Hakukaa chini kukufundisha. Alikutuma tu, na ukirudi umekosea alicheka mpaka akashika ukuta. Mara ya kwanza alinituma nikachukue namba ya shasi ya lori. Shasi ni ile fremu ya chuma inayolibeba gari zima, na namba yake imegongwa humo tangu kiwandani. Ndiyo jina la gari la kuzaliwa. Plake, kile kibao cha namba, unaweza kuing'oa, rangi unaweza kuibadili, lakini jina la kuzaliwa linabaki. Basi nikainama chini ya lori, nikaona tarakimu nyingi nzuri, nikazinakili kwa mwandiko wa shule. Mzee Sefu akazipeleka ofisini. Karani akatafuta, akafungua kabati hili na lile, mwisho akasema, "Mzee, gari hii bado haijazaliwa."

Nilikuwa nimenakili namba za tairi.

Alipomaliza kucheka akanionyesha. Lowesha kitambaa mafuta ya taa, futa kutu polepole, weka karatasi nyembamba juu ya chuma, kisha pitisha krayo, yaani penseli, ukiwa umeilaza. Namba inapanda yenyewe kama picha ya mzimu. Tupa ya kukwangulia chuma usiiguse kabisa. Ukikwangua namba kwa tupa, iko siku utaulizwa kama si wewe uliyeibadili, na utakuwa huna la kujibu.

Na alinipa fundisho jingine, ambalo hata leo ningeliandika mlangoni kwenu. Alisema, "Shabani, mwenye gari ya zamani haisifu. Anailalamikia. Ukisikia mutu anaisifu gari ya zamani, ujue haijawahi kuwa yake."

Sasa nije kwa Spesioza.

Alikuja Buyenzi asubuhi moja, miaka ile vita bado vipo lakini milio ya risasi ilikuwa imesogea kidogo kutoka Kanyosha kwao, na watu wameanza kurudi kuangalia kama nyumba zao bado zinasimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima, muuza mboga za lengalenga sokoni, amejifunga kitenge kwa nguvu kama anayekwenda kupigana. Akaniuliza kama ndiye mimi Shabani wa makaratasi. Nikamwambia ndiye.

"Niko na gari nyumbani," akasema.

"Hongera, mama."

"Apana. Usinipe hongera. Sijue iko ya nani."

Nikamwomba akae anieleze. Mambo yalikuwa hivi. Krizi, ndiyo vita vyenyewe, ilipoanza alikimbia kwenda kwa dada yake, akaacha shamba dogo la mahindi nyuma ya nyumba. Alikaa huko miaka. Aliporudi, vita vilikuwa vimemchukulia mabati na mlango, vikamletea gari. Mahali penye mahindi ndipo gari lilipokaa. Majirani nao walikuwa wamekimbia, hakuna aliyeliona likiingia.

"Sasa unataka liwe lako?" nikamuuliza, maana wengi hujia hilo.

"Mi nataka mahindi yangu," akasema. "Lakini shefu wa karitiye, mukubwa wa mtaa wetu, amesema nilete karatasi mbele ya mvua kuanza. Kama sivyo wanaivuta, wanaiuza kwa mnada, na mi nitakwenda kueleza niliipata wapi."

Nyinyi mliozaliwa baadaye, sikilizeni hapo. Siku zile kwenda kueleza ulipokipata kitu halikuwa jambo la kuchekea. Gari lisilo na mwenyewe lilikuwa na maswali mengi: lilimbeba nani, lilibeba nini, lilitoka upande gani. Spesioza alikuwa anaongea kwa ukali, lakini vidole vyake vilikuwa vinasokota pindo la kitenge mpaka uzi unatoka. Nikachukua mfuko wangu, tukaondoka.

Naapa sijaona gari lililostarehe kama lile. Lilikuwa ile Peugeot ndefu ya zamani, 404 ya familia yenye mgongo mrefu, ambayo sisi tuliita kat-sa-kat, namba yake hiyo kwa Kifaransa. Tairi hazipo, limekaa juu ya matofali. Mmea wa maboga ulikuwa umeingia dirisha la kushoto na kutokea la kulia, na boga moja limekaa juu ya paa limeota jua. Rangi ilikuwa nyeupe juu, chini yake kijani, chini yake nyingine ambayo sikuijua. Na kwenye kiti cha dereva, kuku wa madoadoa alikuwa ameatamia mayai, akanitazama kwa jicho la karani wa serikali ambaye umemjia saa ya chakula.

Nililala chini ya shasi na mafuta yangu ya taa. Yule kuku alitoka mara mbili kuja kunidonoa kisigino. Spesioza alisimama pembeni na fimbo, lakini badala ya kumfukuza kuku alikuwa anacheka, na nadhani ni mara yangu ya kwanza kuona meno yake. Namba ikapanda, safi.

Kisha nikakagua ndani. Msikimbilie karatasi tu, vijana. Tazameni ndani ya gari. Viti vilikuwa vimeshonewa kitambaa cha pazia la maua ya buluu. Nyuma kulikuwa na ngoma iliyopasuka ngozi, na rundo la kanzu za njano ambazo panya walikuwa wamejitengenezea mtaa. Nikafikiri labda ni watu wa kutumbuiza harusini. Nikamwambia Spesioza, "Mama, haya ya ndani tuyajue mimi na wewe tu." Akaelewa bila kuuliza.

Ofisini namba ile ilituletea jina la mfanyabiashara mmoja Mgiriki aliyekuwa akiuza vitambaa mjini. Alishafunga duka na kurudi kwao kabla ya vita. Alimuuzia nani, hakuna aliyejua, maana mnunuzi hakuja kubadilisha jina. Hilo nalo liwe somo kwenu: mtu akinunua gari, mpelekeni akabadilishe jina siku ileile, kabla hajaanza kuliosha.

Basi ikabaki njia ndefu. Shefu wa karitiye akatupa hati ya kwamba gari lipo pale na halina mwenyewe. Tukatoa tangazo redioni: iko kat-sa-kat Kanyosha, mwenyewe aje kwa Shabani. Sikutaja rangi, sikutaja viti, sikutaja ngoma. Kwenye tangazo la kitu kilichopotea, kinachomkamata mwongo ni kile usichokisema.

Wakaja. Yaa Rabi, walivyokuja.

Alikuja mzee aliyesema lilikuwa lake ila halikuwa kat-sa-kat, lilikuwa basi dogo, lakini labda limebadilika kwa shida za vita. Walikuja ndugu wawili waliosema ni la marehemu baba yao. Nikamuuliza mmoja viti vilikuwaje, akasema vya ngozi nyekundu. Yule mwingine, niliyemuuliza nje peke yake, akasema vya ngozi nyeusi. Nikawaacha wagombane wenyewe, wakaondoka hawasemeshani. Alikuja jirani wa Spesioza, mwanamke mdogo mwenye haraka, akasema, "Gari sitaki. Kuku iko yangu." Akataja madoadoa, akataja ukucha uliokatika, akamwita kuku kwa jina na kuku akaja. Katika wote waliokuja kudai, huyo peke yake ndiye aliyekuwa na ushahidi kamili. Tukampa kuku wake na mayai ndani ya kofia yangu.

Na alikuja bwana mmoja wa suti ya kijivu, viatu vinang'aa, anaitwa Deo. Huyu alilizunguka gari mikono nyuma. "Mashine nzuri hii," akasema. "Injini yake kama saa. Haikuwahi kunisumbua hata siku moja."

Nilimkumbuka Mzee Sefu, nikamwambia Bwana Deo asante, tutamwita.

Tulikuwa tumeanza kukata tamaa. Mawingu yalikuwa yanakusanyika juu ya milima, na Spesioza kila siku anayatazama. Ndipo akaja mama mmoja mnene kutoka Gasenyi, kule kaskazini kabisa, ameuvuka mji mzima. Jina lake Kapitolina. Hakunisalimu. Alisimama langoni, akaliona gari, akaweka mikono kichwani.

"Bado iko hai, shetani hii?" akasema.

Nikamkumbuka tena Mzee Sefu.

"Unaijua, mama?"

"Kuijua? Imenila magoti yangu. Imetusukumisha kutoka hapa mpaka Rumonge. Mulango wa nyuma haufunguke mpaka uipige na kiuno, mi ndiye walikuwa wananiita kuipiga. Mvua ikinyesha, inanyesha ndani kuliko inje. Tulikuwa tunaimba na miavuli ndani ya gari."

"Mulikuwa munaimba?"

"Si ni gari letu," akasema, kama anayeshangaa kwamba sijui. "Gari la kwaya."

Wote waliotangulia walisema langu, langu. Huyu alisema letu. Nikamtazama Spesioza, naye akanitazama, akaenda kuleta zile kanzu za njano. Mama Kapitolina akaikamata moja iliyobaki mkono na kola, akaipima begani, kisha akakaa chini juu ya matofali, akaanza kulia na kucheka kwa pamoja mpaka sikujua nimletee maji au kitambaa.

Kumbe ilikuwa kwaya ya kanisa, watu wa kata mbalimbali, walichanga wakanunua gari kwa Mgiriki ili wakaimbe mahali pa mbali. Walipeana mkono tu na yule Mgiriki, wakaondoka wanaimba. Dereva alikuwa mwalimu wao wa nyimbo, Mwalimu Eliya. Siku milio ilipoanza walikuwa njiani Kanyosha, wakitoka kuimba. Mwalimu akaona lango lililo wazi, akaliingiza gari mpaka ndani ya mahindi, akasema kila mtu ajiokoe. Wakatawanyika wakiwa na kanzu zao, wengine wakizivua na kuzirudisha ndani kwa sababu njano inaonekana mbali. Tangu siku hiyo hawakukutana tena wote. Mji uligawanyika. Huyu hakuweza kukanyaga kata ya yule, na yule hakujua huyu angempokea vipi.

"Na Mwalimu Eliya?" nikauliza.

"Alifariki ukimbizini, malaria," akasema. "Mke wake alituma habari."

Sasa hapo, wanangu, karatasi ya kuandika jina moja haikutosha. Gari lilikuwa la watu wengi, na tribinali, mahakama ya kuamua mwenyewe ni nani, ingetaka kuwaona. Basi nikaanza kuwakusanya. Soprano mmoja nilimkuta Kibenga, analinda nyumba ya tajiri karibu na ziwa, akaimba jina lake aliponijibu. Wawili walikuwa wamehamia Uvira, ng'ambo ya mpaka, wakarudi. Mmoja alinifungia mlango mara nilipotaja kwaya. Nilimwambia kupitia tundu la mlango, "Kapitolina anasema ni wewe uliyesahau kufunga dirisha la gari." Mlango ukafunguka. "Mwongo huyo," akasema, "twende akaniambie usoni."

Walikutana mchana nyumbani kwa Spesioza. Nilitegemea wakumbatiane. Hawakukumbatiana. Walikaa mbalimbali, huyu juu ya mzizi, yule juu ya ndoo, mwingine mlangoni karibu na njia kana kwamba lazima aondoke upesi. Wanatazama gari ili wasitazamane. Mimi nilitamani niwe ofisini kwa karani yeyote, hata yule mkali. Niliwaza kwamba nimewakusanya kwa ubaya.

Ndipo yule wa dirisha akamwambia Kapitolina, "Umesema mi niliacha dirisha wazi?"

"Na nani mwingine?" Kapitolina akasema. "Tazama boga limetambaa kupitia wapi."

Wote wakageuka kutazama boga. Mmoja akaanza kukoroma puani, akijizuia. Mwingine akamsikia. Kikaanza kicheko cha chini kama maji yanayochemka, kikapanda, wakacheka mpaka wa mlangoni akaja kukaa ndani pamoja na wenzake. Wakaanza kugombana vizuri sasa: nani alitaka waende kuimba siku ile, nani aliyekanyaga ngoma, nani alichukua tairi ya akiba. Spesioza akapika maharage. Boga nalo likapikwa.

Siku ya tribinali tulikwenda wote. Hakimu alikuwa mama mwenye miwani na mafua makali, ameshika kitambaa mkono mmoja na kalamu mkono mwingine. Akasikiliza hati ya karitiye, namba ya shasi, tangazo la redio. Kisha akauliza kama kuna mwingine anayedai. Bwana Deo akasimama, suti ileile.

Safari hii hakusema ni lake. Alikuwa amesikia habari, maana kicheko cha siku ile kilisikika Kanyosha nzima. "Mheshimiwa," akasema, "mimi ndiye niliyekuwa nashika mali ya kwaya hii. Hawa nawafahamu. Gari nikabidhiwe mimi kwa niaba yao."

Watu wa kwaya wakatazamana. Hakuna aliyemjua, lakini maneno yake yalikuwa yamenyooka, na karatasi ya uanachama hakuna aliyekuwa nayo, si wao wala yeye. Hakimu akapiga chafya, akasema, "Nitajuaje nani ni wa kwaya na nani si wa kwaya?"

Nilikuwa natafuta kifungu cha kusema. Mama Kapitolina akanitangulia.

"Mheshimiwa, umwambie aimbe."

Hakimu akapenga kamasi. Nadhani mafua yalimchosha, au nadhani alipenda. Akamgeukia Deo. "Ulikuwa unaimba sauti gani?"

"Sauti ya kawaida," akasema Deo.

Benchi zima likainama kuficha uso.

"Basi imba," akasema hakimu.

Bwana Deo akarekebisha tai. Akaomba maji, hakupewa. Akafumba macho, na katika nyimbo zote za dunia akauanza ule pekee aliokuwa anaujua mpaka mwisho: wimbo wa taifa. Sasa ungefanya nini? Polisi wa mlangoni akakaza miguu akasimama wima. Karani akasimama. Hakimu mwenyewe akasimama na kitambaa chake, na sisi wote tukasimama mikono ubavuni, huku yule bwana anaimba nje ya sauti, jasho linamtoka, hawezi kuacha katikati maana nani anaacha wimbo wa taifa katikati? Akaumaliza wote. Tukakaa. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

"Asante," akasema hakimu. "Kaa mbali kidogo." Kisha akawageukia wengine. "Na nyinyi?"

Wakasimama. Kwa miaka hawakuwa wameimba pamoja. Kapitolina akatoa sauti ya kuanzia, ndogo, kama anayemwamsha mtoto. Wakauimba wimbo aliowatungia Mwalimu Eliya. Mwanzoni sauti zilikuwa na kutu, zinagongana mlangoni. Kisha zikajua njia. Mimi ni Mwislamu, nyimbo zao si zangu, lakini nywele chache nilizobaki nazo zilisimama. Wakafika mahali fulani, wote wakanyamaza kwa pamoja, bila kupewa ishara, midomo imefungwa. Sikuelewa. Nikafikiri wamesahau. Baadaye waliniambia kwamba hapo ndipo Mwalimu alipokuwa akiimba peke yake. Waliuacha ule urefu wake wote upite, mtupu, kisha wakaingia tena pamoja mahali pake, hakuna aliyechelewa wala kuwahi.

Hakimu alipangusa miwani. Labda yalikuwa mafua. "Andika," akamwambia karani.

Gari likaandikwa la kwaya, kila mtu kwa jina lake, na mke wa Mwalimu kwa niaba ya watoto. Kabla hukumu haijapigwa muhuri, Kapitolina akaomba waongeze jina la Spesioza.

"Kwa sababu gani?" akauliza hakimu.

"Ameitunza."

"Sikuitunza mi," akasema Spesioza, mkweli mpaka kero. "Ni kuku."

"Kuku haandikwi," akasema hakimu, akamwandika Spesioza. Nje ya tribinali aliniomba nimsomee jina lake pale lilipoandikwa. Nikamsomea. Akaniomba tena.

Gari lenyewe lilifufuliwa na fundi Hamisi, jirani yangu wa Buyenzi, aliyeleta tairi za kuazima na betri iliyokuwa na umri wangu. Akasema, "Shabani, itawaka, lakini mpaka isukumwe. Na ikiwaka sitasimama, nikisimama inakufa." Siku ya kuliondoa wote walikuja wamevaa vizuri. Hamisi akashika usukani. Mimi nikaketi pembeni yake na hukumu yangu ndani ya plastiki kifuani, kwa sababu kulikuwa na bariyeri, kizuizi cha wanajeshi, mbele, na mtu wa karatasi mahali pake ni mbele.

Wenye gari wakasukuma. Kanyosha inateremka kuelekea ziwani, Mungu aliipanga hivyo. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, likatoa manyoya ya kuku, likawaka. Hamisi akafuata neno lake, hakusimama. Nikatazama nyuma nikaona kwaya nzima inatukimbilia, Kapitolina mbele ameshika kitenge, Spesioza amevua viatu, wanapiga kelele kwamba tusubiri.

Lakini mnajua watu wa miaka ile. Ukiona watu wanakimbia huulizi, unakimbia. Muuza sabuni akawaona, akafunika kapu akakimbia. Wateja wake wakakimbia. Wanaume wa kahawa wakaacha vikombe. Tulipoikaribia bariyeri tulikuwa tumeleta nyuma yetu nusu ya Kanyosha, na wanajeshi walikuwa wameshashika bunduki wanatazama milimani. Hamisi akaliona lile, mguu ukamruka wenyewe kwenye breki. Gari likafa kimya mbele ya kizuizi.

"Wanakimbia nini?" akauliza mwanajeshi, kijana, macho yamemtoka.

Nilitoa mikono yote dirishani ili aione. "Gari, shefu. Wanakimbilia gari tu. Hakuna vita."

Hakuniamini mpaka Kapitolina alipofika, akaegemea boneti akihema, akaanza kumtukana Hamisi kwa mpangilio, kizazi kwa kizazi. Hapo kijana akashusha bunduki. Nyuma, habari ikaanza kurudi kwa watu kwamba hakuna kitu, na nikasikia kicheko kikipanda mlima kutoka mmoja hadi mwingine. Muuza sabuni alikuwa amekaa chini katikati ya barabara anajipepea.

"Gari iko ya nani?" akauliza mwanajeshi.

Miaka yote swali hilo lilikuwa likinitia jasho kwa niaba ya wengine. Siku ile nilifungua plastiki taratibu kama mtu anayefungua halua. Akasoma hukumu yote, jina kwa jina. Akawatazama wale waliosimama barabarani wamelowa jasho, nguo nzuri zimejaa vumbi. Akanitazama mimi.

"Jina lako liko wapi humu?"

"Mimi simo, shefu. Mimi ni komisioneri."

"Sasa gari iko yao," akasema, "mbona wao wako na miguu, na weye usiyekuwa nayo ndiye umekaa?"

Nimewajibu maofisa wa forodha, nimewajibu mahakimu, nimemjibu hata mke wangu. Swali lile nililijibu kwa miguu. Nikafungua mlango, nikashuka, nikavua koti nikaenda nyuma. Mama Kapitolina akaingia mahali pangu, akakaa, akatandaza kitenge juu ya magoti, akanitazama kwenye kioo cha pembeni na kuniambia nisukume kwa nguvu.